Binti Mmoja, Milango Mingi ya Serikali

Mabasi ya kusini yaingiapo Mbagala Rangi Tatu, yakitoka Mtwara, Lindi, Kilwa na Rufiji, huteremka kila namna ya abiria: mfanyabiashara wa korosho na ufuta, mwanafunzi, mgonjwa anayepelekwa Muhimbili, bibi aliyekuja kumzuru mwanawe; na miongoni mwao, mara kwa mara, huteremka binti wa miaka 13 au 14, mkononi ana mfuko mmoja wa nguo, jina la mtaa aendako halijui, simu hana, ila ameambiwa tu kwamba yupo mama atakayempokea. Vivyo hivyo hutukia Mbezi, katika Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa Februari 2021, ambako hushuka mabinti wa Singida, Dodoma, Iringa na Kanda ya Ziwa, nao hutawanyika Tegeta, Mwananyamala, Bunju na Kimara kabla jua halijazama. Wengi wao hufika salama kwa watu wema, wakala na kuvaa na kulipwa haki yao. Lakini wako ambao, tangu walipokanyaga ardhi ya kituo, wamekwisha kuingia mikononi mwa biashara, ijapokuwa wao wenyewe hawana habari, wazazi wao hawana habari, na askari aliyesimama hatua chache kutoka hapo hakuona jambo lolote la kumshtua.

Rai yangu katika makala haya ni moja. Nchi yetu haikupungukiwa na sheria juu ya dhuluma hii, wala haikupungukiwa na ofisi zilizokabidhiwa kazi ya kuizuia. Kilichopungua ni ule mkono wa kumpokea mtoto kutoka mkono mwingine bila ya kumwacha aanguke katikati. Kila ofisi huuona upande wake wa shauri, huandika ilichokiona katika daftari lake, na hulifunga daftari hilo jioni, ilhali hakuna hata moja inayomwona binti mzima, tangu kijiji alichotoka hadi jiko analolala.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ilitungwa mwaka 2008, miaka 2 baada ya Tanzania kuridhia Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo ndiyo msingi wa sheria nyingi za namna hii duniani. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, kosa lina viungo vitatu: tendo la kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea, njia iliyotumika, iwe ni nguvu, vitisho, hadaa au kuutumia unyonge wake, na kusudio la kumnyonya, ama kwa kazi, ama kwa mwili wake, ama kwa njia nyingine ya kumdhalilisha. Akiwa mtu huyo ni mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, kiungo cha pili hakitafutwi tena, maana mtoto hana ridhaa ya kuuzwa. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wengi, na baadhi yao ni watumishi wa umma, bado hudhani kwamba usafirishaji haramu wa binadamu ni lazima uwe na mpaka uliovukwa usiku, lori lililofungwa turubai na pasipoti ya bandia. Hapana sharti hilo. Safari ya kutoka Manyoni hadi Mbezi, kwa basi lenye leseni, mchana kweupe, na tiketi iliyokatwa dirishani, yatosha kabisa kuwa safari ya jinai.

Namna ifanyikavyo si siri kwa mtu yeyote aishiye katika vitongoji hivi. Mama mwenye nyumba wa Mbezi Beach, au wa Tandika, au wa Mbagala Kuu, huhitaji dada wa kazi. Hampati kwa tangazo, humpata kwa kumwambia mtu, na mtu huyo humwambia mtu mwingine, hadi neno limfikie mwanamke fulani aliyeko kijijini au mwenye ndugu kijijini, ambaye watoto humwita shangazi ingawa aghalabu hapana udugu wa damu baina yao. Shangazi huyo huenda kwa wazazi na ahadi mbili zisizokataliwa na maskini: kwamba binti atasomeshwa, au kwamba atanunuliwa cherehani na kufundishwa kushona. Nauli hulipwa. Baadaye nauli hiyo hugeuka kuwa deni, na mshahara wa miezi ya kwanza hukatwa kuifidia, na mshahara wa miezi ifuatayo hutumwa kwa simu kwa shangazi, ambaye huahidi kuufikisha kwa wazazi. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyotangazwa mwaka 2022 ilimwekea mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake shilingi 60,000 kwa mwezi, kutoka 40,000 zilizowekwa mwaka 2013. Fedha ni chache, na mabinti wengi hawazioni hata hizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kuamka saa kumi za alfajiri, kuchota maji, kufua, kupika, kulea mtoto mchanga na kulala saa sita za usiku si kazi nyepesi kwa hesabu yoyote ya kiungwana.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi la haki. Wahenga wetu walilea watoto wa ndugu zao. Mtoto wa kijijini alikuja mjini akakaa kwa mjomba, akatumwa dukani, akafagia uwanja, akapelekwa shule, na leo wako waalimu, madaktari na mawaziri waliolelewa hivyo. Desturi hiyo ni jamala kubwa, na serikali itakayoifanya kuwa jinai itakuwa imeuvunja mmoja wa mihimili iliyowabeba maskini wa nchi hii. Ila tofauti baina ya malezi na biashara yajulikana na kila aliyewahi kukaa katika nyumba ya watu. Mtoto anayelelewa hula sinia moja na wenyeji, huvaa sare siku ya shule inapofunguliwa, hupewa simu azungumze na mamake, na anapotaka kurudi kwao hurudishwa. Anayenunuliwa hana hata moja katika hayo. Mtu wa kuiona tofauti hiyo hawezi kuwa hakimu aliyeko mbali, wala afisa aliyeko Dodoma. Ni jirani, ni mjumbe wa shina, ni mtendaji wa mtaa. Nitarudi kwa mtendaji wa mtaa, kwani naamini yeye ndiye kiini cha shauri hili.

Kabla ya hapo, yafaa tukumbuke kwamba pwani hii imekwisha kujaribu mara moja kuizuia biashara ya watu kwa kuufunga mlango mmoja na kuiacha mingine wazi. Tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza na la balozi wao John Kirk, alitia saini mkataba uliokataza kusafirisha watumwa baharini na kuyafunga masoko yao ya hadhara, likiwamo lile mashuhuri la Unguja. Ilikuwa siku kubwa, na historia yaiadhimisha kwa haki. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo, Mwingereza mwingine, Frederic Elton, aliondoka Dar es Salaam kwenda Kilwa kwa nchi kavu, na katika muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu njiani watumwa zaidi ya 4,000 wakiswagwa kuelekea kaskazini kwa miguu. Mkataba uliizungumza bahari, na wafanyabiashara wakaihamishia biashara yao pwani: wale waliokuwa wakipakiwa majahazini Kilwa sasa walipitishwa kwa miguu katika ukanda huu ambao leo wakatishwa na Barabara ya Kilwa, mamia ya maili, ili wavushwe kwa siri kwenda Pemba kutoka bandari ndogo za kaskazini. Walioteseka kwa njaa na kiu katika njia hiyo mpya waliteseka, yamkini, kuliko waliotangulia. Ilibidi mwaka 1876 Sayyid Barghash atoe amri nyingine za kukataza misafara ya bara na kuswagwa kwa watumwa pwani, na hata hapo hali ya utumwa yenyewe iliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922.

Silinganishi mateso ya wakati ule na ya wakati huu, maana kufanya hivyo ni kuwadhulumu waliokufa. Nalinganisha tadbiri ya watawala. Aliyetaka kuikomesha biashara ile alipaswa kushika soko, bahari, njia ya pwani, njia ya bara na shamba la mikarafuu kwa pamoja, kwa siku moja na kwa neno moja. Na kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alisubiri mwenzake, ilichukua takriban miaka 50 kutoka mkataba ule wa bahari hadi sheria ya Tanganyika ya mwaka 1922. Biashara ya watu hutazama mlango gani umelegezwa, na hupita hapo.

Sasa tuitazame milango yetu ya leo. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Kamati ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ikaunda na Sekretarieti yake, ambayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na ikaanzisha mfuko wa kuwasaidia walioathirika. Wizara hiyo hiyo ina Jeshi la Polisi, lenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ina Idara ya Uhamiaji. Ustawi wa jamii, kwa sera, uko katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Lakini afisa ustawi anayemhoji mtoto huajiriwa na halmashauri, na halmashauri zi chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ukaguzi wa kazi uko katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Mabasi na vituo yana mamlaka yake, LATRA. Kuandikishwa kwa vizazi ni kazi ya RITA, na ndiko liliko jibu la swali la kwanza la kila kesi, yaani umri wa binti. Mashtaka yana ofisi yake ya taifa. Kila moja ina watu wema na wenye bidii. Nimewaona, na sina nia ya kumtweza yeyote.

Ongeza hapo mipaka ya Dar es Salaam yenyewe. Mkoa ambao Sensa ya Agosti 2022 iliukuta na watu 5,383,728 umegawanyika katika halmashauri 5, baada ya Ubungo kukatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, takriban mwaka 2016. Ilhali polisi wa Kanda Maalum wamejipanga kwa mikoa yao ya Kinondoni, Ilala na Temeke, ambayo haikatiki sawasawa na halmashauri hizo. Hapo zamani palikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyozitanda halmashauri zote, nayo ilivunjwa Februari 2021, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Basi binti aliyeshuka Mbezi ameshuka Ubungo. Akipelekwa Tegeta yuko Kinondoni. Akitoroka akapata hifadhi kwa msamaria wa Mbagala yuko Temeke. Na kwao ni Singida. Katika safari hiyo ya siku chache amepita chini ya halmashauri 4, na hapana sheria inayoiamuru hata moja kati yake kuiandikia nyenzake barua.

Naomba msomaji aifuate kesi ya namna hiyo kama iendavyo kwa kawaida. Jirani, baada ya kusikia kilio usiku wa tatu mfululizo, hujipa moyo na kwenda kwa mjumbe, au hupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo. Habari hufika kwa mtendaji, kisha kwa afisa ustawi wa kata, kisha Dawati la Jinsia. Binti huhojiwa na mmoja, halafu na wa pili, halafu na wa tatu. Kila mara huanza upya, na kila mara huona haya upya. Mahali pa kumlaza usiku huo hapana, maana nyumba za hifadhi ni chache na nyingi zaendeshwa na masista na mashirika ya hiari, kama KIWOHEDE ambayo imewahangaikia mabinti wa mji huu tangu miaka ya 1990. Mwajiri huitwa. Mwajiri huja na shangazi. Shangazi husema mtoto ni wake, wazazi wake walimtoa kwa hiari, na lile lililotokea ni ugomvi wa nyumbani tu. Na kwa kuwa hapana mtu aliyepiga simu kijijini kuuliza, maneno yake husimama. Shauri huandikwa kuwa ni shambulio la kudhuru mwili, au huandikwa kuwa ni madai ya mshahara, na huishia kwa kulipana shilingi laki moja mbele ya meza. Binti hupandishwa basi. Wiki chache baadaye shangazi yuko tena kijijini, kwa wazazi wengine, na ahadi zile zile. Katika hesabu za taifa kesi ile ya usafirishaji haramu wa binadamu haikuwahi kuwapo.

Ndipo nasema mtendaji wa mtaa ndiye kiini. Yeye na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndio watu pekee wa serikali wanaomjua mama mwenye nyumba kwa sura. Kwao ndiko kila mkazi hufuata barua ya utambulisho, awe anataka dhamana ya mahabusu au akaunti ya benki. Kwao liko daftari la wakazi. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliupa kila mtaa jina na kila nyumba namba. Kuna nini basi kinachotuzuia kuagiza kwamba kila mwenye nyumba anayempokea dada wa kazi amwandikishe katika daftari hilo ndani ya wiki moja: jina lake, umri wake, kijiji chake, jina la mzazi, simu ya mtendaji wa kijiji chake, na jina la mtu aliyemleta? Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jina la shangazi mmoja likionekana Bunju mara mbili, Tandale mara tatu na Yombo mara nne, hapo polisi wana jambo la kulifuatia, na hapo pana kesi inayoweza kusimama mahakamani hata kama binti mwenyewe ana hofu ya kusema.

Tena pande zote mbili za simu ninayoitaka ipigwe, mtendaji wa mtaa wa Temeke na mtendaji wa kijiji cha Ikungi, ni watumishi wa serikali za mitaa chini ya ofisi moja, TAMISEMI. Haihitaji mkataba wa kimataifa wala mfadhili. Yahitaji waraka. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoanzishwa kwa MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto uliozinduliwa Desemba 2016, tayari zina ngazi za mtaa, kata na halmashauri. Zipewe kazi hii kwa maandishi, na katika ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, ambayo kwa sasa ndiyo pekee inayozitanda halmashauri zote 5, awepo afisa mmoja wa kulishika jalada la kila binti tangu siku alipopatikana hadi siku mtendaji wa kijiji chake atakapothibitisha kwamba amefika, na kwamba yu shuleni. Jalada liwe moja. Mahojiano yafanywe mara moja, na polisi, ustawi na mkaguzi wa kazi wakae chumba kimoja wasikilize pamoja.

Yako mambo mawili yaliyo nje ya uwezo wa mtaa. La kwanza ni la Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi majumbani Oman na Falme za Kiarabu, na yaliyosimuliwa humo, ya pasipoti kunyang'anywa, mishahara kuzuiwa na watu kufungiwa ndani, yanafanana mno na yale ya Tegeta, ila mlango wake ni mzito zaidi. Hapa uratibu wagongana na muundo wa nchi yenyewe: uhamiaji, polisi na mambo ya nje ni mambo ya Muungano, lakini kazi na ajira si ya Muungano, na kila upande una kanuni zake za mawakala wa ajira. Wakala mwenye hila huuchagua upande ulio mwepesi siku hiyo, na boti ya Zanzibar huondoka mara kadhaa kwa siku. Daftari la mawakala lililo moja kwa pande mbili, linaloonekana na afisa uhamiaji aliyeko uwanja wa ndege, si kuingilia mamlaka ya Zanzibar; ni kulinda mabinti wa Zanzibar na wa Bara kwa pamoja.

La pili ni la watoto wenye ulemavu ambao, kama BBC ilivyoonyesha mwaka 2022, walichukuliwa Tanzania kwa hadaa na kupelekwa Kenya kuombeshwa barabarani, fedha zote zikaenda kwa waliowapeleka. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2010, Uganda ina yake ya mwaka 2009. Majirani hawakukosa sheria, kama nasi tusivyokosa. Na inapotukia kinyume chake, wageni wakapitishwa kwetu, kama wale Wahabeshi waliokutwa ndani ya lori mkoani Dodoma Juni 2012, zaidi ya 40 kati yao wakiwa maiti, tujizoeze kwanza kuuliza ni nani aliyewapakia, kabla ya kuwahesabu walio hai kuwa wahalifu wa uhamiaji.

Bunge lilifanya jambo jema mwaka 2022 lilipoirekebisha sheria ili mwenye kupatikana na hatia asiweze tena kulipa faini akaenda zake bila kuonja kifungo. Lakini hukumu kali haina kazi palipo na kesi zisizofika mahakamani, na kesi hazifiki kwa sababu shahidi amekwisha kupandishwa basi. Kumweka shahidi huyo katika nyumba ya hifadhi kwa miezi mitatu, kumlisha, kumpa mtu wa kumtuliza, kumlipia nauli ya kurudi kwao na nauli ya afisa wa kumsindikiza: hizo ndizo gharama ambazo leo kila ofisi huzitazamia kwa mwenzake, na afisa ustawi, katika vitongoji hivi, huishia kuzitoa katika mfuko wake mwenyewe au kuchangisha kanisani na msikitini. Madiwani wa Temeke, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni na Ilala hupitisha bajeti zao kabla ya Julai. Kifungu hicho na kiandikwe humo, kwa jina lake na kwa kiasi chake, wala kisifichwe ndani ya fungu la mengineyo. Na kila robo ya mwaka diwani wa kata asimame barazani aulize ni mabinti wangapi waliopatikana, wangapi wamefika kwao, na nani aliyewaleta.